Kiraka Hiki Kikae Wapi? Mhadhara kuhusu siku ya mshona mifarishi



Nimeombwa nizungumzie sanaa ya nyuzi na vitambaa, na hasa maisha ya kila siku ya mtu anayeifanya. Ningeweza kuanzia kwenye majumba ya makumbusho, ambako vitambaa hutundikwa ukutani chini ya taa na watu hupita mbele yake wakinong'ona. Nitafika huko. Lakini nataka tuanzie kwenye siku yenyewe: mshonaji anaamka saa ngapi, ni kazi gani zinamtangulia, anaishika sindano saa ngapi, na ni nani anayemwita katikati ya mshono. Sanaa hii imeshonwa ndani ya siku za namna hiyo, na alama za siku hizo zimo ndani yake, wazi kabisa kwa anayejua kutazama.

Mfano wangu mkubwa utatoka Alabama, kusini mwa Marekani, kwenye kijiji kinachoitwa Gee's Bend. Kwa jina la posta kinaitwa Boykin. Mto Alabama umepinda hapo na kukizunguka pande tatu, kwa hiyo wakazi wake wameishi karibu kama watu wa kisiwani. Nimekichagua kwa sababu wanawake wa huko wameshona mifarishi kwa vizazi kadhaa, na kazi yao imehifadhiwa na kuandikwa pamoja na majina yao na maelezo yao wenyewe. Washonaji wengi wa dunia hii hawajapata bahati hiyo, wa kwetu wakiwamo.

Kwa wale ambao hawajawahi kuushika, mfarishi ni blanketi la tabaka tatu. Juu kuna viraka vilivyounganishwa, katikati kuna pamba, na chini kuna bitana. Tabaka zote tatu hushikanishwa kwa mishono ya bandi, mstari baada ya mstari, ili pamba isije ikakimbilia upande mmoja. Kuunganisha viraka ni kazi ya peke yako, unaweza kuifanya ukiwa umekaa kizingitini. Kupiga bandi ni kazi nyingine. Mfarishi unawambwa kwenye fremu ya mbao, na watu wawili, watatu au zaidi wanakaa kuuzunguka. Ziwekeni akilini kazi hizi mbili, kwa sababu ndizo zinazoigawa siku.

Sasa historia ya mahali hapo, nami nitaipitia haraka. Mwaka 1816 mtu aliyeitwa Joseph Gee alifungua shamba hapo, akaja na watumwa wake. Mwaka 1845 shamba lilichukuliwa na jamaa yake, Mark Pettway, na mwaka uliofuata watu wapatao 100 waliomilikiwa naye walitembezwa kwa miguu kutoka North Carolina hadi Alabama. Ndiyo maana wengi wa kijiji hicho wanaitwa Pettway hadi leo, hata wasio na undugu wa damu. Utumwa ulipokomeshwa walibaki kwenye ardhi ileile, wakilima pamba ya mwenye ardhi na kugawana naye mazao. Mwaka 1932 mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha alifariki, na familia yake ikaja kudai. Zana, mifugo, mbegu, kuku, chakula cha akiba, vyote vilipakiwa vikaondoka. Kijiji kiliingia kipindi cha baridi mikono mitupu, na bila msaada wa Msalaba Mwekundu wengi wasingefika masika.

Pamba ya Kusini hiyo inatugusa na sisi. Kuanzia miaka ya 1830 meli za Salem, Massachusetts, zilileta Unguja vitambaa vya pamba visivyopaushwa vilivyofumwa katika viwanda vya New England, na mwaka 1837 Marekani ikaweka konseli wake Unguja. Bibi zetu walikiita kitambaa hicho merikani. Kilipotiwa nili kikawa kaniki. Viwanda hivyo vililishwa na pamba iliyochumwa na watumwa wa Kusini, kwa hiyo kazi ya mikono ile ilikuwa imeshavaliwa mwilini na watu wa pwani hii miaka mingi kabla wajukuu wa wachumaji hao hawajajulikana popote kwa jina la wasanii.

Haya, turudi kwenye siku.

Mwanamke wa Gee's Bend wa miaka ya 1930 au 1940 alikuwa shambani tangu alfajiri. Alipalilia pamba, akachuma pamba, akarudi nyumbani kupika, kufua, kunyonyesha. Katika miaka ya 1930 nyumba nyingi zilikuwa vibanda vya magogo na mbao zenye nyufa, upepo ukiingia utakavyo. Ukutani walibandika kurasa za magazeti, safu juu ya safu, kuzuia baridi. Mpiga picha Arthur Rothstein, aliyetumwa huko na serikali ya Marekani mwaka 1937, alizipiga picha kuta hizo, na ukizitazama unaona chumba kizima kimejaa pembenne za kurasa, nyingine zimesimama wima, nyingine zimelala. Mtoto aliyelala na kuamka akitazama ukuta wa namna hiyo alikuwa ameanza kujifunza kupanga pembenne kabla hajapewa sindano.

Mfarishi ulikuwa kitu cha lazima. Familia ya watoto wengi ilihitaji mifarishi mingi kwa kila kitanda, na mingine ya kutandika chini. Pesa ya kununulia kitambaa ilikuwa adimu, kwa hiyo malighafi ilikuwa nguo za kazi zilizokwisha kazi: ovaroli za dangirizi, mashati ya shambani, pindo za magauni, magunia ya unga na ya mbolea yaliyofuliwa mpaka maandishi yakafifia. Pamba ya katikati mara nyingi ilikuwa ile iliyofagiwa sakafuni kwenye kinu cha kuchambulia pamba, chafu na yenye vipande vya maganda. Waliitandaza na kuichapa kwa fimbo mpaka ikalainika na kuenea sawasawa. Fikirini jambo hilo: walioilima na kuichuma pamba nzima walirudi kuokota mabaki yake kinuni ili wajifunike.

Nguo ya kazi ina tabia zake na fundi inambidi azijue. Suruali ya mkulima huchakaa magotini kwanza. Ukiifumua, mahali palipokuwa na mfuko panabaki bluu iliyokolea, kwa sababu jua halikuufikia uso ule, na kandokando yake pamepauka. Goti lililotiwa kiraka lina kivuli cha kiraka hicho hata kikishaondolewa. Mshonaji anakikunjua kipande hicho mapajani, na hapo ndipo swali la sanaa linapoanza: hili goti nilifiche upande wa chini, au niliweke katikati kila mtu alione? Nikiliweka katikati, pembeni yake nitie nini? Gunia jeupe litalikausha. Kipande chekundu cha gauni kitalichangamsha, lakini chekundu ninacho kidogo, na mfarishi bado ni mrefu.

Maswali hayo huulizwa huku mtoto analia na maharage yanatokota. Fundi anajibu mawili, anakiweka kitambaa kikapuni, anaenda zake. Akirudi kesho yake jioni, jicho lake limekuwa jingine. Kile alichokiona kimekaa vizuri jana, leo anakiona kinabana, anafumua. Mimi ni mshonaji na ninalijua jambo hili kwa mikono yangu: kazi iliyokatizwa mara nyingi inakuwa na maamuzi mengi kuliko kazi iliyoshonwa kwa mkao mmoja. Watu huhesabu kukatizwa huko kuwa hasara tupu kwa msanii mwanamke. Hasara ipo, na ni kubwa, maana kuna mifarishi ambayo haikumalizwa kamwe. Lakini kuna kitu pia kinachoingia kwenye kazi kwa mlango huo, nacho ni jicho lililopumzika.

Wanawake hawa walikuwa na mitindo waliyorithishana. Upo waliouita kwa maana ya "paa la nyumba", ambao unaanza na kipande kimoja cha pembenne katikati, kisha vipande virefu vinazungushwa upande mmoja baada ya mwingine, kila mzunguko ukiwa mkubwa kuliko uliotangulia, mpaka mfarishi mzima unakuwa kama paa linalotazamwa na ndege. Upo wa matofali yaliyopangwa kupanda juu. Upo wa vipande virefu vinavyosimama sambamba, walioupa jina la msichana mvivu kwa sababu ndio rahisi kuliko yote. Na juu ya mitindo yote ulikuwapo ule waliouita, kwa lugha yao, "njia yangu". Mtu alianza na paa la nyumba, akafika mahali kitambaa cha bluu kimekwisha, au akachoka na bluu, akatia kipande cha mistari upande mmoja tu, na kuanzia hapo mfarishi ukawa wake. Binti alijifunza paa la nyumba kwa mama yake. Njia yake hakufundishwa na mtu.

Hapa nawaomba tusifanye haraka kusifu umaskini. Nimesoma maandishi mengi yanayosema kwamba uhaba ndio uliozaa uzuri huu, na kila ninapoyasoma nachukia. Loretta Pettway, aliyezaliwa mwaka 1942 na ambaye mifarishi yake ni miongoni mwa iliyosifiwa zaidi duniani, ameeleza waziwazi kwamba hakupenda kushona. Alishona kwa sababu alikuwa na watoto, nyumba ilikuwa baridi, na hakuwa na wa kumsaidia. Mfarishi wake wa vipande virefu, ule wa msichana mvivu, ni kazi ya mwanamke aliyechoka. Una milia michache mipana, na kila mlia una upana ambao usingeweza kuupunguza hata kidogo bila kuuharibu. Uchovu haukuchagua upana huo. Aliuchagua Loretta Pettway, akiwa amechoka. Tukisema kwamba shida ndiyo iliyoushona mfarishi ule tunamnyang'anya kitu pekee ambacho hakuna mwenye ardhi wala mkopeshaji aliyewahi kumpa, yaani uamuzi wake.

Mfarishi ninaoupenda kuliko yote ni wa Missouri Pettway, wa mwaka 1942. Mume wake alikuwa amefariki. Alichukua nguo zake za kazi, suruali na mashati, akazifumua, na binti yake Arlonzia, aliyekuwa kijana wakati huo, akamsaidia. Miaka mingi baadaye Arlonzia alisimulia jinsi mama yake alivyosema atazifanya nguo hizo mfarishi, ili amkumbuke mumewe na ajifunike kwa mapenzi yake. Mfarishi wenyewe ni vipande vikubwa vya bluu iliyopauka, kijivu na rangi ya udongo, vimepangwa kwa milia na pembenne, na hapa na pale kipande chenye rangi iliyochangamka kidogo. Ukiutazama unaona madoa. Unaona mahali palipovaliwa sana na mahali pasipovaliwa. Kwetu mjane hukaa eda, na nguo za marehemu hugawiwa. Kila jamii ina namna yake ya kuishi na nguo za aliyekwenda. Missouri Pettway alizikata na kuzipanga upya kwa vipimo vya kitanda. Ni mfarishi wa kulalia, na ulilaliwa.

Baada ya kuunganisha viraka huja fremu. Kazi hii walipenda kuifanya msimu wa kilimo unapopungua, nyumba moja leo, nyumba nyingine kesho. Wanawake walikaa kuizunguka, wakapiga bandi huku wakiimba nyimbo za kanisani na kuomba. Watoto walikaa chini ya fremu. Wengi wao wameeleza baadaye kwamba walijifunza hapo, wakitazama sindano zikitokeza chini ya bitana na kurudi juu. Ni kazi yenye maongezi mengi, na kwa wengi ndiyo iliyokuwa mapumziko ya pekee, kwa kuwa ukiwa kwenye fremu hakuna anayekuuliza kwa nini umekaa.

Mafundi wa kwetu wanaijua hali hiyo. Msusi wa ukili wa Pemba haendi kiwandani. Anachana ukindu, anatia rangi, anaanika, kisha anasuka ukili huku anazungumza na wageni, anamwangalia mjukuu, anasubiri chungu. Ukili unarefuka, anauzungusha duara, anauweka. Siku nyingine, ukishatosha, anaushona mstari kwa mstari mpaka unakuwa mkeka. Nani kati yetu amewahi kuutazama mkeka akaona kwamba ni milia iliyoshonwa pamoja, kila mlia ukiwa umesukwa katika saa zilizopatikana baina ya kazi nyingine? Anapoamua mlia wa zambarau ufuatwe na wa kijani au na mweupe mtupu, anafanya alichokifanya Loretta Pettway.

Na kanga yenyewe, kwa historia inayosimuliwa zaidi, ilianza kwa sindano. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso za kuchapwa zikiwa bado hazijakatwa, wakakata vipande vya leso tatutatu, wakaviunganisha viwili, wakapata kitambaa kipya cha leso sita ambacho hakuna kiwanda kilichokuwa kimekifikiria. Wafanyabiashara walipoona, wakaagiza kitambaa kizima kilichochapwa kwa mfano huo. Aliyetangulia alikuwa mwanamke mwenye mkasi na uzi.

Kuna ndugu zetu wengine ambao lazima niwataje. Katika jimbo la Karnataka, kusini magharibi mwa India, wanaishi Wasiddi, watu wenye asili ya Afrika, ambao baadhi ya mababu zao walivushwa Bahari ya Hindi kutoka upande wetu huu na kupitia Goa enzi za Wareno. Wanawake wao wanashona mifarishi inayoitwa kawandi, kwa nguo kuukuu. Hawatumii fremu. Fundi anaanza kwenye kona ya bitana, anafuata ukingo, anashona viraka kwa bandi akizunguka kuelekea katikati, tabaka zote kwa pamoja, mpaka mizunguko inapokutana. Kwenye kona anatia viraka vidogo vya pembetatu vilivyokunjwa, viitwavyo phula, yaani maua, na wanasema kawandi isiyo na maua yake iko uchi. Maua hayo hayaongezi joto hata chembe. Mwanamke aliyechoka, mwenye nguo kuukuu mkononi na usiku umeingia, bado anakunja pembetatu nne.

Nafika sasa kwenye tukio ambalo kwangu ndilo kiini cha mazungumzo haya. Mwaka 1962 kivuko kilichowaunganisha watu wa Gee's Bend na mji wa Camden, ng'ambo ya mto, kiliondolewa, wakati watu weusi walipoanza kudai haki ya kujiandikisha kupiga kura. Safari ya dakika chache ikawa ya takriban saa nzima kwa barabara. Februari 1965 Martin Luther King alikuja kijijini kuzungumza nao. Waliojiandikisha walipoteza kazi, wengine wakafukuzwa kwenye nyumba na ardhi. Mwaka 1966, kwa msaada wa padri wa Kianglikana, Francis X. Walter, wanawake wa eneo hilo waliunda ushirika wa kushona mifarishi, Freedom Quilting Bee, chini ya uongozi wa Estelle Witherspoon. Mifarishi yao ilipelekwa New York ikanunuliwa, na kwa wengi hiyo ilikuwa mara ya kwanza kupata pesa ambayo haikupitia mkononi mwa mwenye shamba. Siwezi kueleza vya kutosha uzito wa jambo hilo.

Lakini soko la mijini lilikuwa na masharti. Maduka makubwa yalitaka mifarishi inayofanana, kona kwa kona, rangi kwa rangi, ili mteja wa tatu apate kile alichokiona mteja wa kwanza. Ushirika ukakubali, ukafundisha, ukakagua. Kuanzia mwaka 1972 ukapata mkataba na kampuni ya Sears wa kushona foronya za kodrai. Wanawake walikaa kwenye cherehani, wakashona foronya hizohizo, kwa vipimo hivyohivyo, kwa rangi zilizochaguliwa na watu wa mbali. Mshahara ulisomesha watoto.

Jioni walirudi nyumbani na mabaki ya kodrai. Na mifarishi waliyoshona kwa mabaki hayo ni miongoni mwa kazi kubwa za kitambaa za karne ile. Kodrai ni nzito na ngumu, haikubali vipande vidogovidogo wala kona za kubana, kwa hiyo ilibidi wakate vipana. Ina mistari iliyoinuka, inayopokea mwanga tofauti kila unapokigeuza kitambaa. Kipande kilekile cha rangi ya dhahabu kikisimama kinang'aa, kikilala kinafifia. Walilichezea jambo hilo kama mafundi waliokuwa wakisubiri kwa miaka. Annie Mae Young, katika mfarishi wake wa mwaka 1976 hivi, aliweka milia ya kodrai yenye rangi kali katikati, akaizungushia dangirizi iliyopauka ya nguo za kazi, na moto ukawa ndani ya ua la bluu.

Mikono ni ileile. Kitambaa ni kilekile, kimetoka kwenye jora moja. Mchana kinakuwa foronya, usiku kinakuwa kazi ambayo watu wangesafiri kuja kuiona. Kilichobadilika kati ya mchana na usiku ni mtu anayeamua kiraka kikae wapi. Sizidharau foronya, nimeshona sare za shule maishani mwangu na nimekula kwa sare hizo. Nasema kwamba tunapouliza kama kazi fulani ni ufundi au ni sanaa, tunapoteza muda kuchunguza mishono. Tuulize nani ameamua.

Mengine mnaweza kuyakisia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mkusanyaji wa sanaa, William Arnett, aliona picha ya mfarishi wa Annie Mae Young uliotandazwa juu ya rundo la kuni, akamtafuta mwenyewe mpaka akampata. Wakati huo mifarishi iliyochakaa kijijini ilikuwa ikichomwa ili moshi ufukuze mbu. Mwaka 2002 maonyesho makubwa yalifunguliwa katika Makumbusho ya Sanaa ya Houston, yakaenda Makumbusho ya Whitney, New York, kisha miji mingine. Wanawake wenyewe walisafiri kwenda kuitazama mifarishi yao ikiwa imetundikwa wima, mbali kama inavyotakiwa kutazamwa, wakati nyumbani walizoea kuiona imelala kitandani. Mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stempu 10 zenye picha za mifarishi hiyo. Mwaka huohuo kivuko kilirudishwa, baada ya miaka 44. Mwaka 2015 Mary Lee Bendolph, Lucy Mingo na Loretta Pettway walipewa tuzo ya taifa ya urithi wa sanaa. Katikati ya sifa hizo baadhi ya washonaji walikwenda mahakamani mwaka 2007 kudai haki zao katika mapato na matumizi ya kazi zao, na mwaka uliofuata kesi zikamalizwa kwa makubaliano. Walikuwa na haki ya kuuliza. Msanii anayeuliza habari za malipo hajaishusha sanaa yake hata kidogo.

Mary Lee Bendolph, aliyezaliwa mwaka 1935, alishona zaidi baada ya kustaafu kazi ya kiwandani. Ameeleza kwamba akiwa ndani ya gari hutazama maghala, uzio, nguo za watu kanisani, na humo ndimo anamoona mfarishi ujao. Alipendelea nguo zilizovaliwa kuliko kitambaa kipya cha dukani, kwa sababu nguo iliyovaliwa imebeba mtu. Nawaambia wanafunzi wangu wanaodharau mtumba: nendeni sokoni mkatazame rundo la mashati ya mtumba kwa jicho la Mary Lee Bendolph, mtaona bluu ambazo hakuna jora jipya lililo nazo.

Miaka mingi kabla ya hao wote aliishi Georgia mwanamke aliyeitwa Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani mwaka 1837. Mifarishi yake miwili ndiyo inayojulikana kubaki, mmoja katika makumbusho ya Smithsonian, Washington, mwingine Makumbusho ya Sanaa ya Boston. Alikata watu, wanyama, jua na nyota za kitambaa, akazishona juu ya kitambaa kingine, akasimulia visa vya Biblia na matukio ya anga aliyoyasikia. Mwalimu mmoja wa sanaa, Jennie Smith, aliuona mfarishi wa kwanza kwenye maonyesho ya pamba mjini Athens mwaka 1886 akataka kuununua. Harriet Powers alikataa. Mwaka 1891 shida ilipombana alitaka kuuuza kwa dola 10, mnunuzi akawa na 5 tu, na baada ya kushauriana na mumewe akakubali. Kabla hajaondoka alieleza maana ya kila picha, zote 11, na Jennie Smith akaandika. Baadaye alirudi mara kadhaa nyumbani kwa mnunuzi kuutazama mfarishi wake.

Bei ile inaumiza. Lakini angalieni jambo jingine: tunayajua haya yote kwa sababu mtu alichukua kalamu akamwuliza fundi, "Hapa umeweka nini, na kwa nini?" Ni swali la dakika chache.

Kwetu tumeliuliza mara ngapi? Kofia ya mkono inachukua wiki nyingi, mara nyingine miezi, tundu moja moja likizungushiwa uzi, nakshi ikijibizana kati ya ukingo na kilele. Inavaliwa harusini na msikitini, inapelekwa zawadi Uarabuni na Ulaya, na inapouzwa jina linalotajwa ni la duka. Mkeka wa harusi unatandikwa, picha zinapigwa, na aliyeusuka yuko jikoni. Hata sisi walimu wa ufundi tunasema "kofia ya Lamu", "mkeka wa Pemba", kana kwamba kisiwa kizima kilishika sindano. Kisiwa hakichagui rangi. Amechagua bibi fulani, mwenye jina, aliyekuwa na mjukuu mgonjwa wiki ile na bado akaona kwamba mlia wa saba uwe mweupe.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa chuo hiki ni dogo na lina kazi. Kila kitu kinachoshonwa hapa kuanzia muhula huu kishonewe nyuma, kwenye bitana au upindo, jina la fundi na mwaka. Na tufungue daftari kwa ajili ya vitu vilivyoko majumbani: kofia, mikeka, mashuka ya maua, mito ya harusi, mifarishi kama ipo. Kwa kila kitu tuandike aliyekishona, mahali, malighafi imetoka wapi, kilianzwa lini kikamalizwa lini, na alikuwa anafanya kazi gani nyingine wakati huo. Safu ya mwisho iwe ya maelezo yake mwenyewe kuhusu nakshi: ipi alirithi, ipi aliagizwa, na ipi ni yake. Akiwa hai, aulizwe yeye, wala asijibiwe na mwanawe au mwenye duka. Akikataa kutajwa, aheshimiwe.

Daftari la kwanza liko pale mezani karibu na mlango, pamoja na kalamu. Baadhi yenu mmekuja na kofia kichwani. Anayejua imeshonwa na nani aandike kabla hajaondoka, na asiyejua aende amwulize aliyemnunulia, kisha aturudie. Sasa nitapokea maswali, na ningependa tuanze na mafundi waliokaa nyuma.